Jason Sendwe: muuguzi wa Kabongo na kiti cha liwali kilichoigawa Katanga

Mjini Lubumbashi, hospitali kubwa ya serikali inaitwa Jason Sendwe. Kila siku wagonjwa wanapita kwenye mlango wake, akina mama wanajifungulia humo, na familia zinangoja nje na sahani za chakula. Kwa vijana wengi, Sendwe limekuwa jina la mahali tu. Wachache wanajua kwamba mwenye jina hilo alikuwa muuguzi, akawa kiongozi wa chama kikubwa cha kisiasa, akawa naibu waziri mkuu wa Kongo, na mwishowe akauawa mwezi wa sita 1964 akiwa kiongozi wa jimbo, katika mji ambao leo unaitwa Kalemie.

Historia yake inawahusu pia wakaaji wa Ituri, kutoka katikati ya mji wa Bunia hadi kando ya mto Shari. Tangu mwezi wa tano 2021 jimbo hili liko chini ya utawala wa dharura, na liwali wake ni afisa wa jeshi. Mwezi wa nne 2024, wabunge wa majimbo mengi ya nchi walipopiga kura kuchagua maliwali wao, Ituri na Kivu ya Kaskazini hazikupiga. Siku moja kura hiyo itarudi. Maisha ya Sendwe yanaonyesha namna uchaguzi wa kiongozi wa jimbo unavyoweza kuharibika mapema, hata kabla ya kura ya kwanza kuhesabiwa.

Sendwe alizaliwa mwaka 1917 katika eneo la Kabongo, kaskazini ya Katanga, katika familia ya Waluba. Alisoma katika shule za misheni ya Kiprotestanti. Wakati ule, kijana Mkongomani mwenye akili alikuwa na milango michache ya kupita. Angeweza kuwa mwalimu, mhubiri, karani ama muuguzi. Udaktari wenyewe ulikuwa wa Wazungu, kwa kuwa koloni halikuwa na chuo kikuu cha kumfundisha mtu mweusi. Sendwe akaingia kazi ya uuguzi, akatumika katika hospitali na katika idara ya afya ya serikali ya Wabelgiji.

Kazi hiyo ilimfanya ajulikane. Muuguzi wa nyakati zile alikuwa mtu wa kuaminiwa. Alisikiliza mgonjwa wa kijijini kwa lugha yake, aliandika barua kwa wasiojua kusoma, na aliweza pia kuzungumza na mkubwa wa Kizungu kwa Kifaransa. Watu wa namna hiyo ndio waliokuja kuwa viongozi wa vyama Kongo ilipoanza kudai uhuru.

Katanga yenyewe ilikuwa na hali yake. Kusini kulikuwa na shaba, na kampuni ya Union Minière iliyotawala maisha ya miji ya Elisabethville, Jadotville na Kolwezi, miji ambayo leo ya kwanza inaitwa Lubumbashi na ya pili Likasi. Kaskazini, pande za Kabongo, Manono, Kabalo na Albertville, wengi walikuwa Waluba. Maelfu ya watu walitoka kaskazini na Kasai kwenda kufanya kazi kwenye migodi ya kusini. Walijenga nyumba, walizaa watoto, na watoto wale hawakujua kwao kwingine.

Mwisho wa mwaka 1957, Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa kwanza wa viongozi wa manispaa katika miji michache. Mjini Elisabethville, walioshinda kuongoza manispaa za watu weusi walikuwa wenye asili ya nje ya Katanga. Waliojiita wenyeji wa kweli waliona hatari. Mwezi wa kumi 1958 wakaunda muungano ulioitwa CONAKAT. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, kisha mwaka 1959 Moïse Tshombe, mtoto wa mfanyabiashara tajiri wa Kilunda. CONAKAT ilitaka Katanga ijitawale kwa sehemu kubwa, na walowezi wa Kizungu waliiunga mkono.

Sendwe alikuwa tayari ameanzisha chama chake mwaka 1957, BALUBAKAT, yaani umoja wa Waluba wa Katanga. Kwa muda wa miezi kadhaa BALUBAKAT ilikuwa ndani ya CONAKAT, kwa sababu Waluba wa kaskazini nao walikuwa wenyeji wa Katanga. Lakini kadiri CONAKAT ilivyozidi kukaribiana na walowezi na kusema vibaya juu ya watu wa Kasai, Sendwe aliona haina nafasi kwake. Mwezi wa kumi na moja 1959 chama chake kilitoka. Yeye alitaka Kongo moja yenye serikali kuu yenye nguvu. BALUBAKAT ikaungana na chama cha Watshokwe na chama cha watu wa Kasai waishio Katanga, muungano ulioitwa Kartel. Kwa siasa ya nchi nzima ulisimama upande wa Patrice Lumumba.

Mwanzo wa 1960, Sendwe na Tshombe walikuwa wote Brussels, kwenye Mkutano wa Meza ya Mviringo uliopanga uhuru kwa tarehe 30 mwezi wa sita. Uchaguzi ungefanyika mwezi wa tano. Muda ulikuwa mfupi mno kwa nchi ambayo haikuwahi kupiga kura ya namna hiyo.

Ili kuelewa kilichotokea, lazima kujua sheria ya wakati ule. Ubelgiji ilitoa Sheria ya Msingi ya tarehe 19 mwezi wa tano 1960, ambayo ilitumika kama katiba ya kwanza. Kila moja kati ya majimbo sita lilichagua bunge lake. Bunge hilo ndilo lililochagua kiongozi wa jimbo, aliyeitwa rais wa jimbo, na ndilo lililochagua maseneta. Wananchi hawakumpigia kura moja kwa moja. Ni karibu sawa na utaratibu wa leo, ambapo wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua liwali.

Katika Jimbo la Mashariki, ambalo Bunia na Ituri nzima zilikuwa ndani yake, jambo lilikuwa rahisi. Chama cha Lumumba, MNC, kilipata viti 58 kati ya 70. Jean-Pierre Finant wa chama hicho akawa rais wa jimbo huko Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani.

Katanga haikuwa hivyo. Kati ya viti 60 vya bunge la jimbo, CONAKAT ilipata 25 na Kartel 22. Vilivyobaki, 13, vilichukuliwa na watu wasio na chama na makundi madogo. Hakuna aliyekuwa na wingi peke yake. Ramani ya kura ilionyesha wazi kwamba Katanga ilikuwa nchi mbili: kusini kwa sehemu kubwa na CONAKAT, kaskazini na BALUBAKAT. Sendwe mwenyewe alichaguliwa kuwa mbunge wa bunge la taifa.

Wengi wa wale 13 walielekea upande wa Tshombe. Hapo Kartel ikaona kwamba ikiingia bungeni itashindwa, na CONAKAT itachukua serikali yote ya jimbo. Lakini Sheria ya Msingi ilikuwa na kifungu kimoja muhimu. Ili bunge liweze kumchagua rais wa jimbo, ilibidi theluthi mbili ya wabunge wawepo ukumbini, yaani watu 40 kati ya 60. Bila Kartel, idadi hiyo haikufikiwa. Sendwe na wenzake wakaamua kutoingia. Walipinga matokeo ya viti kadhaa, na walitaka serikali ambayo pande zote mbili zingekuwa na nafasi ndani yake.

Ulikuwa mchezo wa hatari, lakini ulikuwa ndani ya sheria. Sharti lile la theluthi mbili lililazimisha upande wenye nguvu kuzungumza na upande mwingine. Kwa siku kadhaa Katanga haikuwa na kiongozi, na uhuru ulikuwa umebakiza majuma mawili.

Tshombe na watu wake walilalamika Brussels, na Wabelgiji wa Katanga wakalalamika pamoja nao. Katikati ya mwezi wa sita bunge la Ubelgiji likabadilisha Sheria ya Msingi haraka. Kuanzia hapo, kama theluthi mbili haikupatikana, bunge la jimbo lingeweza kukaa na kuchagua likiwa na wingi wa kawaida tu. Tarehe 16 mwezi wa sita 1960, wabunge wa CONAKAT na washirika wao wakakutana bila Kartel, wakamchagua Moïse Tshombe kuwa rais wa jimbo la Katanga. Serikali aliyoiunda ilikuwa karibu yote ya chama chake. Waluba wengi wa kaskazini waliona hawana mtu wao wa kuwasemea ndani yake.

CONAKAT ilisema imeshinda kwa sheria. Kartel ilisema sheria ilibadilishwa katikati ya mchezo ili mmoja ashinde. Zote mbili zilisema kweli, na kwa sababu hiyo hapakuwa na wa kuwapatanisha.

Lumumba alipounda serikali ya kwanza ya Kongo huru mwezi ule ule, alimpa Rémy Mwamba wa BALUBAKAT wizara ya sheria, na akamteua Sendwe kuwa kamishna wa serikali kuu katika Katanga. Cheo hicho kilikuwa cha kumwakilisha mkubwa wa nchi ndani ya jimbo. Kwa Lumumba, ilikuwa njia ya kurudishia kaskazini sauti iliyopotea. Kwa Tshombe, ilikuwa kumweka adui juu ya kichwa chake. Hivyo dawa ya kosa la kwanza ikawa sababu ya hasira mpya.

Sendwe hakupata kukaa kwenye kiti hicho. Tarehe 11 mwezi wa saba 1960, siku 11 baada ya uhuru, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo, na askari wa Ubelgiji wakamlinda.

Kaskazini haikukubali. Vijana wa BALUBAKAT walishika mapanga, mishale na minyororo ya baiskeli, wakafunga barabara na reli, wakawaua watu waliodhaniwa kuwa wa CONAKAT. Jandarma wa Tshombe, pamoja na maafisa wa Kizungu na mamluki, walichoma vijiji na kuua watu ovyo. Hakuna upande uliotoka na mikono safi. Umoja wa Mataifa uliweka eneo la kutopigana, na ukamtumia Sendwe kutembelea sehemu za kaskazini ili awatulize watu wake. Alipokelewa na umati mkubwa, kwani kwao yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wao halali. Lakini maneno yake hayakutosha kuzima moto. Tarehe 8 mwezi wa kumi na moja 1960, huko Niemba, kundi la askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa lilishambuliwa na wapiganaji wa Kiluba, na askari 9 wakafa. Wale askari hawakuwa maadui wa Waluba. Katika vita, aliyevaa sare alionekana kuwa adui tu.

Mwanzo wa 1961 mambo yalizidi. Tarehe 17 mwezi wa kwanza, Lumumba aliletwa Katanga na kuuawa. Mwezi huo huo wafuasi wa BALUBAKAT, wakisaidiwa na askari waliotoka Stanleyville, walitangaza jimbo lao la Lualaba mjini Manono, na Prosper Mwamba Ilunga akawa kiongozi wake. Mwisho wa mwezi wa tatu jandarma wa Katanga waliuchukua tena mji huo. Mwezi wa pili, Finant, yule aliyechaguliwa kwa urahisi Stanleyville, naye aliuawa huko Bakwanga baada ya kukamatwa na watu wa Léopoldville. Kati ya viongozi wa majimbo wa mwaka 1960, hata aliyepata kura nyingi hakuwa salama.

Mjini Elisabethville, Waluba waliishi kwa hofu. Mwaka 1961 maelfu waliacha nyumba zao wakakimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa, hadi watu zaidi ya 35,000 wakawa wamesongamana humo. Yeyote aliyewahi kuona kambi za wakimbizi wa vita Bunia anaelewa hali hiyo bila kuelezwa: maturubai, foleni ya maji, magonjwa, na watu wanaoona paa la nyumba yao kwa mbali lakini hawathubutu kurudi.

Sendwe alikuwa Léopoldville wakati huo. Mwezi wa nane 1961, baada ya wabunge kukutana Lovanium, Cyrille Adoula aliunda serikali ya umoja. Antoine Gizenga na Jason Sendwe wakawa manaibu wake. Kijana wa Kabongo ambaye koloni halikumpa njia ya kuwa daktari, sasa alikuwa kati ya wakubwa wa nchi. Lakini vita vya vyama ndani ya bunge vilikuwa vikali, na baadaye wabunge walimwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani.

Mwaka 1962 Kongo iligawanywa upya. Majimbo sita yakakatwa kuwa zaidi ya ishirini. Ndipo Kibali-Ituri ilipozaliwa, na Bunia ikawa makao yake makuu. Kwa utaratibu huo huo ikazaliwa Katanga ya Kaskazini, yenye makao makuu Albertville, na kiongozi wake wa kwanza akawa Mwamba Ilunga. Mwezi wa kwanza 1963, askari wa Umoja wa Mataifa wakamaliza kujitenga kwa Katanga. Tshombe akaenda uhamishoni.

Mwezi wa tisa 1963, bunge la Katanga ya Kaskazini likamchagua Sendwe kuwa rais wa jimbo. Kiti kilichowaponyoka watu wake mwaka 1960 sasa kilikuwa chake, ingawa juu ya nusu ya nchi tu. CONAKAT haikuwepo tena mbele yake. Ilionekana kwamba kazi itakuwa nyepesi.

Haikuwa hivyo. Kwa kuwa adui wa nje alikuwa ameondoka, BALUBAKAT ilianza kupigana yenyewe. Kundi moja lilimfuata Sendwe, lingine Mwamba Ilunga. Mwezi wa tatu 1964 wabunge wa jimbo walimwangusha Sendwe, na kabla ya miezi miwili kupita akarudishwa. Wakati wakubwa walikuwa wakihesabu kura ukumbini, walimu na askari walidai mishahara yao. Vijana waliopigana mwaka 1960 walikuwa bila kazi na bila shukrani. Baadhi yao walisikiliza wajumbe wa uasi mpya uliotoka Kivu chini ya Gaston Soumialot. Mmoja wa waliotoka katika vijana wa BALUBAKAT na kuingia katika uasi huo alikuwa Laurent-Désiré Kabila, ambaye miaka 33 baadaye angekuwa rais wa Kongo.

Mwisho wa mwezi wa tano 1964, fujo ilitokea Albertville na Sendwe akakamatwa. Jeshi la taifa likaurudisha mji na kumwokoa. Angeweza kuondoka, lakini alibaki kwenye kiti. Majuma machache baadaye waasi wakarudi kwa nguvu. Karibu na tarehe 19 mwezi wa sita 1964 Albertville ilianguka. Sendwe alijaribu kutoka, akakamatwa, akauawa. Alikuwa na miaka 47 hivi. Ilikuwa imepita miaka minne na siku chache tangu siku ile CONAKAT ilipochagua peke yake huko Elisabethville.

Uasi uliomuua uliendelea kuelekea kaskazini. Mwezi wa nane ulichukua Stanleyville, na Ituri nayo iliingia katika mateso yake. Huko Léopoldville, tarehe 10 mwezi wa saba 1964, yaani majuma matatu baada ya kifo cha Sendwe, waziri mkuu mpya wa Kongo alikuwa Moïse Tshombe, aliyerudi kutoka uhamishoni. Naye hakumaliza vizuri. Alifukuzwa mwaka 1965, na mwaka 1969 akafa akiwa kizuizini nchini Algeria.

Wengine wanamlaumu Sendwe kwa kususia bunge la jimbo mwaka 1960. Wanasema angeingia, angekuwa mpinzani mwenye wabunge 22, na sauti ya kaskazini ingesikika ukumbini badala ya kusikika porini. Lawama hiyo ina uzito. Lakini hata wanaomlaumu wanajua kwamba lile sharti la theluthi mbili liliwekwa kwa sababu maalum. Liliwekwa ili jimbo lenye makabila na vyama vingi lisipate kiongozi wa upande mmoja. Lilipoondolewa kwa siku moja, CONAKAT ilipata serikali, na Katanga ikapoteza jimbo lenyewe.

Kibali-Ituri ilidumu hadi 1966, iliporudishwa ndani ya Jimbo la Mashariki. Mwaka 2015 Ituri ikawa jimbo tena. Hapa pia kuna jamii nyingi, na kila moja inahesabu viti na vyeo vya watu wake. Siku wabunge wa jimbo watakaporudi Bunia kumchagua liwali, wakaaji watauliza kwanza nani ameshinda. Swali la Katanga ya 1960 ni lingine: walioshindwa walikuwa ndani ya ukumbi kura zilipohesabiwa, na je, sheria iliyotumika asubuhi ndiyo ile ile iliyotumika jioni?

Huko Lubumbashi, hospitali ya Sendwe inapokea watu wa kusini na wa kaskazini, Walunda, Waluba na watu wa Kasai, kwenye vitanda vilivyo karibu karibu. Hapo mlangoni, jina la muuguzi wa Kabongo bado linasomeka.